Chumba cha mtu mmoja

Ijumaa, 28 Februari. Kashikishi

Mama mwenye nyumba amebisha hodi kabla sijachemsha chai. "Afande, kesho ziwa linafunguliwa." Najua. Uvuvi hapa Mweru husimama kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na marufuku ikiisha wachuuzi humiminika kutoka Copperbelt na kutoka ng'ambo ya Kongo. Chumba nilichopanga msimu mlegevu bei yake inapanda kesho. Nimemwomba wiki mbili. Amekubali, ila nusu ya chumba ataiwekea magunia ya mteja wake.

Jumamosi, 1 Machi

Magunia yameingia alfajiri. Matupu bado, lakini yananuka samaki wakavu wa mwaka jana. Godoro nimelisogeza chini ya dirisha.

Jumapili, 2 Machi

Mvua imepiga upande wa dirisha. Godoro limelowa kuanzia miguuni hadi magotini. Nimelianika juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mwenye mtumbwi akauhitaji saa nne, kwa hiyo nimelala juu ya magunia. Chandarua kilibaki kikavu, namshukuru Mungu. Nchelenge, wilaya yetu hii, ni miongoni mwa wilaya zenye malaria kali kabisa Zambia.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshuka boma kuulizia nyumba ya kupanga kwenye ofisi moja. Fomu inataka jina la mke na idadi ya watoto. Nimepiga mstari. Karani, kijana mwenye adabu, amenirudishia kwa mikono miwili: "Mzee, yenye mistari hawaipokei." Nikamuuliza nijaze nini. Akaitazama fomu kwa muda, akasema ataniulizia kwa mkubwa wake, na mkubwa wake yuko Mansa kwenye mkutano.

Naandika hili kwa ajili ya vijana watakaotoka jeshini nyuma yangu. Katika kambi niliyotumikia, wenye familia walipewa nyumba, sisi makapera tulipewa kitanda bwenini. Siku ya kustaafu inapofika, aliyepewa nyumba husubiri mafao yake akiwa ndani, na ni haki yake, kwani huwezi kumtoa mtu nje na watoto. Kitanda changu kilihitajiwa na kuruta siku ileile niliyorudisha sare. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2016, kifungu cha 189, yanasema mstaafu ambaye hajalipwa mafao yake siku ya mwisho ya kazi aendelee kubaki kwenye orodha ya mishahara hadi alipwe. Ni kifungu kizuri, nakitetea popote. Mshahara wangu unaingia. Lakini kinataja mshahara tu, na mtu hawezi kulala juu ya mshahara. Hela ya kila mwezi inalipa kodi na unga. Ya kujengea ni kiinua mgongo, nacho hakijaja.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani anayeshona nyavu amenikopesha turubai la kuziba dirisha. Turubai lina tundu. Akalishona kwa uzi wa nyavu huku tunazungumza.

Naye alikuwa askari, wa serikali ya Kongo. Alivuka mpaka Desemba 2000, mji wa Pweto ulipotekwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda, maelfu ya raia na askari wakakimbilia upande huu. Silaha wakazisalimisha. Raia walipelekwa makambini, Kala na Mwange, lakini askari hawezi kuchanganywa na wakimbizi, maana hifadhi ya ukimbizi ni ya raia. Wengine, yeye akiwamo, walipelekwa mbali kabisa, Ukwimi, mkoa wa Mashariki. Anasema huko alipewa kipande cha kulima na nguzo za kuanzia kibanda, na alikuwa kapera kama mimi. Hakuulizwa mke yuko wapi. Aliulizwa kama anajua kushika jembe.

Swali hilo ndilo ningependa kuulizwa. England tangu mwaka 2002 wana agizo la serikali linalomweka kwenye kundi la kupewa kipaumbele cha makazi hata mtu asiye na mtoto, ikiwa utumishi wa jeshini umemwacha katika hali ngumu. Hawakumaliza tatizo, lakini wamemwandika kwenye sheria. Sisi hatujamwandika.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa mzee wa kijiji, njia ya kuelekea Chiengi, kuomba kiwanja. Ardhi ya mila haiuzwi dukani; unaanza kwa mzee, yeye anakufikisha kwa chifu. Ukitaka hati ya serikali ya miaka 99, kibali cha chifu ndicho mlango. Nilibeba sukari. Mfuko ulipasuka njiani, nikafika na nusu.

Amenipokea vizuri. Ameniuliza nani atapika, nikajibu mimi. Akasema kijana kapera akipewa kiwanja huuza na kuondoka, ameyaona hayo. Nikamwambia nina miaka arobaini na sita. Akanyamaza, kisha akauliza: "Mama yako ni wa ukoo gani?" Mama alitoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ukoo huku hufuata upande wa mama. Akasema niende nikalete mtu wa upande huo.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi boma na fomu. Pamefungwa, ni Siku ya Vijana. Nimetembea hadi Kashikishi kwa sababu magari yote yalikuwa yamekodiwa na wachuuzi.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mdogo amewasili kutoka Kilwa kwa boti, saa tano baada ya saa aliyosema. Upepo uliwazuia. Kuku aliyemletea mzee alilowa, akavikwa kanga. Wiki mbili zangu zimeisha; mama mwenye nyumba amemwona bibi mzima amekaa juu ya magunia, akaongeza siku tatu bila kuombwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mdogo na mzee wamehesabiana mababu tangu asubuhi hadi jua kali. Ukoo wao ni mmoja, uko pande zote mbili za maji. Mimi sikuulizwa kitu.

Kiwanja kimepatikana, karibu na kichuguu kirefu, udongo mzuri wa tofali. Kufyatua hakuwezekani kabla ya Mei. Mvua hii itayeyusha tofali mbichi zote kabla ya kuchomwa. Jirani wa nyavu amesema nguzo tunaweza kuanza kukata sasa. Mama mdogo ameshika kamba akapima jiko kwanza, na ameacha nafasi ya chumba cha pili. Nimemwambia mafao yakija ndipo. Akasema nafasi hailipiwi, akachomeka kijiti.