Bakuli la Nanay

Kabatini kwetu Morogoro kuna bakuli la plastiki la kijani lenye mfuniko uliopasuka pembeni. Si letu. Kila mke wangu akipanga vyombo hulinyanyua, hunitazama, halafu hulirudisha pale pale bila kusema neno. Afadhali angesema. Mwenye bakuli yuko Los Baños, mkoa wa Laguna, kilomita 60 na ushei kutoka Manila, nchini Ufilipino, na mimi hapa nadaiwa.

Nilikwenda kule miezi mitano kusomea mpunga. Watu wa kilimo wanapajua. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga ipo pale tangu 1960, na ndiko ilikotoka IR8, ile mbegu fupi ya 1966 iliyobadilisha mashamba ya Asia. (Hilo halijaizuia Ufilipino kuwa miongoni mwa waagizaji wakubwa wa mchele duniani, lakini nilikuwa mgeni, sikuuliza. Nasi tuna gesi baharini na tunapikia mkaa.) Nilifika Septemba, redio zimeshaanza nyimbo za Krismasi. Nikadhani saa yangu ya mkononi ndiyo iliyoharibika.

Nikapanga chumba cha juu kwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu ambaye mtaa mzima unamwita Nanay, yaani mama. Siku ya kwanza, begi sijalitua, akaniuliza kama nimekula. Baadaye nikajua hiyo ndiyo hujambo yao. Mimi mtoto wa Pangani nikajibu kama nilivyolelewa: "Nimeshiba, ahsante." Wewe na mimi tunajua maana yake: nina njaa ya kufa lakini nina adabu. Nanay naye alijua. Akanikaribisha mara ya pili, nikakataa. Mara ya tatu nikavuta kiti. Tukaelewana kabisa, na balaa lote lilianzia kwenye kuelewana huko.

Chakula kilikuwa sinigang, mchuzi mchachu wa ukwaju, na ndani yake nguruwe. Nikasema kwa upole kwamba hiyo mimi hapana. Ungeuona uso wa Nanay ungedhani ndiye aliyenichomea nyumba. Kesho yake jioni akagonga mlango na bakuli la kijani: sinigang ile ile, safari hii ya bangus, ambaye ni mwatiko wetu huu huu. Alikuwa amekwenda sokoni alfajiri, akanunua samaki, akanunua na sufuria mpya isiyojua nguruwe. Tangu siku hiyo jikoni mwake kukawa na sufuria ya yule wa juu.

Nikala, nikaosha bakuli. Sasa, mama aliyenizaa alinifundisha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikatia ndizi nne, nikashuka nalo. Hazikupita saa mbili, bakuli hilo mlangoni na pancit, tambi zao za kukaanga. Nikalirudisha na biskuti, likaja na kuku wa adobo. Nikalirudisha na maembe, likaja na biko, wali wa kunata uliopikwa kwa nazi na sukari. Kufika Oktoba bakuli lilikuwa linanigharimu kuliko vitabu, suruali zinagoma kufunga, na mchezo wenyewe hauna refa wala filimbi ya mwisho.

Mwenzangu wa darasani, kijana wa Batangas, alicheka mpaka akapaliwa. Akasema: umeshaingia kwenye utang na loob. Utang ni deni. Loob ni ndani, ndani ya mtu, pale sisi tunaposema moyoni. Deni hili huwezi kulimaliza, na ukijaribu kulimaliza umemtukana aliyekufadhili. Unalitunza tu kama mbuzi wa kukabidhiwa, lizae. Mtoto anadaiwa na wazazi kwa kuzaliwa, mdogo anadaiwa na dada aliyemsomesha, na asiyekumbuka huitwa walang utang na loob. Huku kwetu tungesema hana fadhila na tukaendelea kunywa kahawa. Kule ukiitwa hivyo, afadhali uhame kisiwa, na visiwa wanavyo zaidi ya 7,000.

Nanay mwenyewe anaishi ndani ya deni hilo kama samaki majini. Binti yake ni muuguzi Doha, anakaa chumba kimoja na Mkenya wa Kilifi, na ndiyo maana siku ya kwanza Nanay alinipokea kwa "pole pole" akidhani ni salamu. Binti hutuma boksi la balikbayan, kubwa kama friji ndogo, lenye nyama za kopo, sabuni, taulo na chokoleti za ukoo mzima mpaka wale wasiomsalimia. Nilimuuliza Nanay kama binti hachoki. Akanitazama kama niliyeuliza kama moyo hauchoki kupiga.

Wanasiasa wao nao wamelijua deni hili siku nyingi. Mtu akilipia jeneza la babu yako, hana haja ya kukuletea ilani. Katiba yao ya 1987 inakataza koo za kisiasa, ila ikaliachia Bunge kazi ya kutunga sheria ya kufafanua ukoo wa kisiasa ni upi. Bunge lenyewe limejaa koo hizo hizo. Mpaka naondoka walikuwa hawajapata nafasi.

Na usidhani ni Nanay peke yake. Panda jeepney uone. Gari hilo lilizaliwa kwenye jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na la kawaida halina konda. Abiria mnakaa mmetazamana kama kwenye mabenchi ya msibani. Aliyeko mlangoni anatoa nauli, anasema "Bayad po", yaani malipo haya, na hiyo "po" ni heshima inayonyunyizwa kwenye kila sentensi kama chumvi. Sarafu zinapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, chenji inarudi njia ile ile, na sikuona hata senti ikipotea. Ningependa kuona chenji ya elfu kumi ikipita mikono saba ya daladala la Msamvu.

Kilichoniuma ni kiti changu. Mimi hupenda kukaa nyuma ya dereva. Kule ukikaa hapo umeajiriwa. Kutoka Calamba hadi Los Baños nilikuwa napokea, napeleka, natangaza wawili hawa, mmoja mwanafunzi, narudisha chenji, nasahau ni ya nani. Nina shahada ya pili, nikawa konda bila hata kitambaa cha shingoni. Siku moja nilishuka na peso 20 za bibi mmoja mkononi. Ikabidi nilikimbize gari huku nimezinyanyua juu kama tiketi, na abiria wote wananishangilia kutoka ndani.

Siku nyingine nilimuuliza dada mmoja nishukie wapi. Akanibetulia midomo. Nikajua tu, huyu kanidharau. Nilikotoka mwanamke akikubetulia midomo mbele za watu umekwisha. Nikakaa nimevimba. Kumbe ndivyo wanavyoonyesha njia kule, kidole ni cha watovu wa adabu. Hasira zangu zilinipitisha vituo viwili.

Ngoja nirudi kwenye bakuli, maana ndipo nilipoharibu.

Mwisho wa Oktoba nilikaa nikapiga hesabu kama msomi. Huyu mama ni mjane, bangus si wa bure, gesi si ya bure. Nikachukua noti ya peso 500, nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani ya bakuli na kikaratasi cha shukrani. Nikashuka, nikaliacha mezani, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi Nanay akanisalimia kwa Kiingereza safi na kuniita "Sir".

Mimi niliyekuwa anak, mwanangu, nilipandishwa cheo usiku mmoja. Bakuli halikuja siku hiyo, wala ya pili. Mjukuu wake wa miaka sita, ambaye kila jioni alikuwa akiushika mkono wangu na kuugusisha kwenye paji la uso wake (ndiyo shikamoo yao, nayo haikosi kukukumbusha umri), akawa ananipungia kwa mbali. Siku ya tatu nikapita sebuleni, harufu ya samaki wakavu wa kukaanga imejaa mpaka kwenye ngazi. Nanay akasema kwa tabasamu: "Kakain na kami, Sir." Tunataka kula.

Nikamweleza kijana wa Batangas. Akashika kichwa. Nikamwambia mbona kanikaribisha? Akasema hapana, amekufukuza. Kitagalog kina sisi mbili. Tayo ni sisi na wewe ukiwemo. Kami ni sisi, wewe ukiwa huko huko uliko. Kain tayo, hiyo ni karibu tule. Kakain na kami, hiyo ni taarifa. Nilipotafakari nikaionea huruma "sisi" yetu ya Kiswahili, maana imeficha mengi. Unaambiwa "tunakula", unakaa unameza mate, hujui umehesabiwa au umeagwa.

Hiyo hali wanaiita tampo. Ni kususa, lakini kususa kwenye heshima zake. Kwetu Tanga mtu akisusa hutangaza, na hupita mara mbili mbele yako ili uone. Tampo haitangazwi. Tabasamu lipo, salamu ipo, kila kitu kipo isipokuwa wewe. Wala hakuna mtu angeniambia kosa langu, kwa sababu kuna kitu kinaitwa hiya, kinachofanana na haya yetu kwa sauti na kwa maana. Kumwambia mgeni amekosea kungemvua nguo, na aliyemvua naye angebaki uchi.

Kijana alikuwa amesoma saikolojia kabla ya kuhamia mpunga, kwa hiyo nikapewa mhadhara juu ya sahani ya miguu ya kuku ya kuchoma. Padri mmoja Mmarekani, Frank Lynch, aliandika miaka ya 1960 kwamba Mfilipino anachojali zaidi ni mambo yaende laini, watu wasigongane. Halafu akaja Virgilio Enriquez wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, yule aliyeanzisha Sikolohiyang Pilipino miaka ya 1970, akasema hayo ni maganda tu. Hiya, deni la ndani, kuchukuliana, vyote vinaota kwenye mzizi mmoja: kapwa. Wanaoandika Kiingereza hulitafsiri kuwa "mtu mwingine", na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kwenye kapwa hakuna wa kwanza wala mwingine. Nikamwambia hiyo mimi naijua, sisi tunasema mwenzangu. Akafurahi sana, akataka kujua tunaitumiaje. Nikamwambia mara nyingi tukitaka kukopa.

"Basi vizuri," akasema. "Nenda kakope."

Nikadhani ananitania. Akasema wewe ulilipa, yaani ulifunga hesabu, ulimwambia mama wa watu kwamba wewe si wa humu. Sasa usiombe radhi, usinunue maua. Kamsumbue. Omba kitu.

Basi mimi, afisa kilimo wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano, nikashuka ngazi usiku kuomba chumvi. Nilikuwa na chumvi. Nilikuwa nayo nusu kilo. Nanay akanitazama mkono mtupu, akaangalia saa ya ukutani, akaniuliza chumvi ya nini saa hizi. Nikasema sijui. Akavuta kiti kwa mguu.

"Kain tayo," akasema. Na mezani, wali ndani yake, lilikuwepo bakuli la kijani.

Ningeishia hapo ningekuwa nasifu, na mimi nimekuja kulalamika. Ukishahesabiwa kwenye tayo unahesabiwa kwa yote. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu, wakakodi mashine ya kuimbia, nikakabidhiwa kipaza sauti. Niliwahi kusikia kwamba huko wimbo wa "My Way" umewahi kuleta ugomvi hadi watu kuuawa, na baadhi ya wenye baa wakauondoa kwenye mashine, kwa hiyo nikaukwepa. "Malaika" haumo. Nikasema bahala na, ndiyo liwalo na liwe yao, nikaangukia Carpenters. Nilikwaruza mpaka mbwa wa jirani akahama. Mashine ikanipa 96. Kumbe kule hata mashine ina haya. Nikaona nilipize wema, nikawaalika majirani saba waje kula pilau Jumapili. Wote wakasema watajaribu. Wakaja watatu, na kila mmoja kaja na watatu wake. Hilo siwalaumu, nami nikialikwa husema inshallah kwa sauti ile ile.

Siku ya kuondoka Nanay akanifungia bakuli la espasol na polvoron, akalizungushia utepe wa gundi kama bomu, maana msafiri hafiki kwao mikono mitupu. Nilikuwa na kilo 23 za mzigo. Niliacha viatu na kitabu cha magonjwa ya mpunga.

Morogoro watoto walimaliza vyote kwa dakika kumi. Chini kabisa, ndani ya kifuko cha nailoni, mke wangu akakuta noti ya peso 500 imekunjwa vizuri, kwa mikunjo yangu ile ile. Maduka yote ya fedha niliyoingia wameigeuza geuza, wakanirudishia.

Sasa Julai kuna mwenzetu wa ofisini anakwenda kule kwa mafunzo. Mke wangu alitaka kujaza bakuli mchele wa Kyela, nikamkumbusha karantini ya mimea, tukakubaliana korosho za kukaanga. Mwenzetu anapima kilo zake na kunung'unika, na mimi simwambii litakaporudi litakuwa na nini. Jana usiku, mfuniko mkononi, mke wangu hatimaye akasema.

"Na hii hela yao je? Si uirudishe tu humu humu chini ya korosho?"

"Iache hapo hapo kabatini," nikamwambia. "Nikiirudisha naitwa Sir."