Programu Imekata
Kijana wa kozi ya kompyuta pale Kariakoo kaandika programu yake ya kwanza ya mishahara. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, inatoa kwanza asilimia 10 ya NSSF, zinabaki 720,000 za kutozwa kodi. PAYE ni 60,000. Safi kabisa, maana wenzake walitoza kodi kabla ya kugusa NSSF, wakampunja mfanyakazi wao hewa shilingi 18,000. (Hewa, ndiyo, nchi hii tunawafahamu.) Kisha mkopo wa chuo, asilimia 15: zikaenda 120,000 bila hodi. Mabosi wataipenda, inajua kukata mpaka senti ya mwisho. Na amri ya kuyafikisha makato NSSF? Hiyo, nasikia, ni somo la muhula ujao.