Balbu ya Haboba

Ukiingia duka la vifaa vya umeme pale Konyo Konyo ukaomba balbu, muuzaji hakuulizi ya chumba gani. Anakuuliza, "Umeme gani, ustaz?" Na ana haki. Juba kuna umeme wa jenereta, kuna wa sola, na tangu mwishoni mwa 2019 kuna wa mjini, unaokuja kwa nguzo na mita ya kununulia uniti. Balbu za umeme wote huo zinakaa rafu moja, ndani ya maboksi yenye rangi ile ile na picha ya mwanamke yule yule anayechekelea taa.

Zenye visa ni zile za sola, za volti 12. Mpangaji mwenzetu hapa uani Gudele, kijana wa bodaboda kutoka Arua, alihama chumba cha sola akaja na balbu yake mfukoni, maana mali haiachwi. Skrubu iliingia kwenye holda bila ubishi. Tatizo ni kwamba waya wetu ulikuwa na volti 230. Akabonyeza swichi. Paa!

Sasa, Juba mlio wa namna ile una taratibu zake. Kabla moshi haujafika darini, watu wazima wote uani walikuwa wamelala kifudifudi. Mmoja alishuka na kikombe chake cha chai bila kumwaga, na mwalimu wa kutoka Kitale alikutwa chini ya meza, yeye na kuku wawili. Aliyebaki kitini ni haboba peke yake, yaani bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, ambaye masikio yake yamepita vita zaidi ya kimoja na yanajua kutofautisha. "Taa hiyo," alisema, akaendelea kuchambua kunde.

Sisi tulikuwa tumehamia juzijuzi tu, na nyumba nzima haikuwa na balbu hata moja, kwa sababu mpangaji aliyetutangulia alizifungua zote akaondoka nazo. Mke wangu alikuja dukani na imani aliyorithi kwa baba yake: wati nyingi ndiyo mwanga mwingi. Nikamweleza kwamba wati ni umeme unaoliwa, mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni. Balbu ya waya ya zamani ya wati 60 ilikuwa ikitoa lumeni kama 800, na LED nzuri inatoa hizo hizo kwa wati 8 au 9. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akamgeukia muuzaji: "Kaka, hakuna ya wati 40?"

Suala la rangi ndilo lililotumaliza. Kwa muuzaji yule kuna nyeupe, na kuna ile nyingine. Nyeupe ni ya 6500K, ndiyo inayowaka dukani kutwa nzima. Nyingine, ya 3000K, yenye unjano wa kutuliza macho, anaiweka chini ya kaunta. Nilipoiulizia aliinama, akaitoa, akanong'ona, "Hii watu wa gesti ndio wanapenda." Mke wangu akanitazama. "Huyu amekujulia wapi?"

Tukanunua nyeupe, nyumba nzima.

Wanaoijua kazi hii wanasema sebuleni na chumbani panataka unjano, 2700K au 3000K, jikoni panastahimili 4000K, na ile 6500K uipeleke karakana. Sababu iko ndani ya balbu yenyewe. LED nyeupe kwa asili ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa kugeuza rangi. Unga ukipakwa kidogo, ubuluu unabaki mwingi. Hiyo taa ya buluu iliwasumbua mafundi wa dunia miaka mingi, mpaka Akasaki, Amano na Nakamura walipoipata, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Nawapongeza. Ila hawajakaa sebuleni kwetu usiku. Shemeji yangu alipowasili kutoka Tanga, akaketi chini ya taa ile, hakumaliza hata salamu. "Shemeji, umepima malaria?" Akamtazama dada yake. "Na wewe?" Baadaye alijiona kwenye kioo cha kabati, akaomba apelekwe zahanati usiku ule ule.

Jikoni ubaya ulikuwa mwingine. Boksi la balbu nzuri huandikwa Ra 80 au 90, yaani kiasi gani taa inaonyesha rangi za vitu kama zilivyo. Letu halikuandikwa kitu, na tulijua kwa nini nilipoleta kilo ya nyama nyekundu, ikafika jikoni ikawa kijivu. Mke wangu alinirudisha nayo kwa muuza nyama. Yule bwana aliipeleka juani, ikawa nyekundu tena, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna amani.

Kisha akaja mama mkwe. Tulimpa chumba kizuri, chenye swichi ya kisasa yenye kile kitaa chekundu cha kukuonyesha ilipo gizani. Asubuhi tulimkuta amelala sebuleni, tasbihi mkononi.

"Baba Zuhura," akaniambia, "chumba kile kina mtu."

Alizima taa, akasema, na taa haikuzimika. Ilififia tu, ikabaki na mwanga mdogo, mara inakonyeza, mara inatulia. Alisoma alichojua chote. Kila akisoma kwa sauti inakonyeza, akinyamaza inakonyeza.

Fundi alikuja akacheka, kosa kubwa mbele ya mama mkwe wa mtu. Alipopewa ruhusa ya kuendelea alieleza kwamba kitaa kile cha swichi hupitisha umeme kiduchu hata swichi ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani isingeusikia. LED hutosheka na kidogo. Umeme unajikusanya ndani ya kitako chake, ukitosha inakonyeza, kisha inaanza upya. Akaweka swichi ya kawaida, na usiku ule kukawa giza tupu.

Mama mkwe aliridhika. "Sawa, mwanangu. Lakini na mimi nilimsomea, kwa hiyo huyo fundi usimlipe yote."

Ikabaki baraza. Hapo nilisimama kidete, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza, na mvua za kwanza Juba huleta kumbikumbi. Wanatoka ardhini jioni kwa maelfu na kuja kwenye mwanga, na mwanga wanaoupenda ni huo wenye ubuluu. Walikuwa wanaingia kwenye chai, kwenye shingo ya shati, kwenye mazungumzo. Mwanga wa njano huvuta wadudu wachache zaidi, basi nilirudi dukani, nikavumilia kunong'onezewa, nikatundika ile ya gesti. Jioni ile tulikaa nje tukanywa chai isiyo na mbawa.

Hatujamaliza chai akatokea haboba na beseni. Akaangalia taa. Akaangalia ukuta, ambapo kumbikumbi walikuwa wa kuhesabika. Akamtuma mjukuu anitafsirie, maana Kiarabu changu cha Juba kinaishia sokoni. Mjukuu alisema bibi anauliza ni nani kaiharibu taa. Kumbe muda wote ule, sisi tukishafunga mlango kukimbia wadudu, yeye alikuwa anakuja barazani kwetu, anaweka beseni la maji chini ya balbu, wanajiangusha wenyewe, anawakaanga kwa chumvi. Hata wanunuzi walikuwepo, majirani.

Nilijaribu kujitetea kwa hoja ya uniti. Haboba alisikiliza tafsiri hadi mwisho, akafungua pindo la nguo yake, akahesabu noti, akaziweka juu ya meza. Kisha akaongeza neno moja zaidi, na mjukuu akalitafsiri huku anatazama pembeni: bibi anasema kama ipo ya wati 40, hiyo ndiyo anayoitaka. Mke wangu alikuwa ameshaenda kuvaa viatu.