Adeer, Perth Ndiyo Garissa ya Huku

Perth, Jumapili jioni

Kwa Adeer,

Nisalimie Bibi Ayeyo, Shangazi Eedo, watoto wote, na yule beberu wa jirani anayekula maboksi mbele ya duka. Ile sauti yako ya dakika 7 nimeipata kwenye kundi la familia, mbele ya watu 64, wakiwemo wawili wanaonidai. Umeuliza, kwa sauti ya dalali aliyeletewa ngamia kilema: "Bara zima! Bara zima lina miji, na mtoto wetu akaenda mahali ambapo hata rubani alipaulizia njia?"

Kwa kuwa umeuliza hadharani, nitajibu hadharani.

Kile kikao cha kunichagulia mji, chini ya mwarobaini pale Bulla Iftin, mnakikumbuka. Kila mtu alikuja na mji wake mfukoni. Ayeyo alitaka Darwin, kwa sababu mtoto wa jirani alimsomea kwenye simu kwamba mchana kule ni digrii 30 na ushei mwaka mzima. "Hapo basi atalala bila blanketi, kama binadamu." Nikamwambia Darwin ina mamba hadi serikali imebandika vibao vya onyo. Akacheka mpaka kofia ya sala ikamtoka Babu Awowe aliyekuwa amelala pembeni. Mamba! Mtu aliyeteka maji Tana miaka 40 anatishwa na mamba? Nilipomweleza kwamba mamba wa Darwin huogelea hadi baharini, akanyamaza kidogo, akazungusha tasbihi, akasema huyo wa baharini ni habari nyingine.

Eedo alishika Melbourne, na sitaki kusema uongo, hoja yake ndiyo iliyokuwa na nguvu. Wasomali wengi wa Australia wako Melbourne. Kuna yale maghorofa marefu ya serikali Flemington na North Melbourne ambako ukishuka kwa lifti unasalimia watu wa makabila yote ya Pembe ya Afrika kabla ya kufika chini. Kuna Heidelberg West, ambako unanunua anjera, unatengeneza simu na kupatanishwa na mkeo katika mtaa mmoja. Lakini Eedo, nisamehe: hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Wewe una masikio Melbourne. Ningetua asubuhi, na kabla sijapata sanduku langu ungekuwa umeambiwa nimekonda, nimevaa suruali fupi na sijamsalimia binamu wa shemeji yake nani.

Sydney ilitajwa na vijana, kwa ajili ya lile jumba la muziki lenye paa kama matanga. Nilitazama kodi za nyumba za Sydney usiku mmoja kwenye simu, nikaizima, nikaswali rakaa mbili.

Mwalimu mstaafu akasimamia Canberra, na historia yake ilinifurahisha kuliko zote. Sydney na Melbourne ziligombea kuwa makao makuu ya nchi, kila moja ikisema nyingine haifai hata kufungia mbuzi. Wakashindwana kabisa. Mwaka 1908 likachaguliwa eneo la malisho lililoko kati ya miji hiyo, wakaanza mji upya, na bunge likahamia huko 1927. Yaani ni kama Garissa na Wajir zigombee makao makuu, wazee wakose suluhu, halafu serikali ijenge ikulu Modogashe. Sisi watu wa koo tunaielewa Canberra kuliko Waaustralia wenyewe. Ila mwalimu mwenyewe alikiri kwamba baridi ya kule usiku hugandisha maji, na hapo Ayeyo akaifuta kwenye orodha.

Sasa tufike kwako, Adeer. Wewe ulitaka Alice Springs.

Hukuutaja mji kwanza. Ulianza kwa kunong'ona, kama mtu aliyeona hela zimeanguka njiani: "Nasikia kule kuna ngamia hawana mwenyewe." Baraza zima likageuka. Tangu siku ile soko la mifugo la Garissa halijakuona ukipumzika. Ngamia hawana alama, hawana ukoo, wanatembea tu jangwani! Ukanipa kazi: niende Alice Springs, nifunge kamba wanne wa kuanzia, mengine tutapanga.

Adeer, ngamia wapo kweli, maelfu kwa maelfu. Wengi wao waliletwa karne ya 19 kwa meli kutoka upande wa Bara Hindi, pamoja na wachungaji wao Waislamu ambao Wazungu waliwaita wote Waafghani, hata yule ambaye hakuwahi kuiona Afghanistan. Hao ndio waliobeba maji, sufu na nguzo za telegrafu katikati ya bara. Malori yalipokuja, ngamia wakaachiliwa waende zao, wakazaana. Wa kwanza kabisa kujulikana aliitwa Harry, alishuka 1840. Mwaka 1846 alikuwa safarini na mvumbuzi mmoja, John Horrocks, ambaye alikuwa akishindilia bunduki yake hapohapo ubavuni mwa ngamia aliyepiga magoti. Harry akatikisika, bunduki ikalia, Horrocks akajeruhiwa, naye akafa baada ya wiki chache. Kabla ya kufa aliagiza Harry auawe, na akauawa kweli. Najua hukumu yako bila kukupigia: ngamia hana kosa, mwenye kosa ni aliyeshika bunduki karibu na ngamia aliyepakiwa mzigo. Nakubali.

Kuna jingine nililokuficha kwa sababu ya presha yako. Januari 2020, wakati wa kiangazi kikali, ngamia walivamia vijiji vya wenyeji huko Australia Kusini wakitafuta maji, wakivunja mabomba na hata viyoyozi ili walambe matone. Wakapigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Zaidi ya 5,000, kwa siku 5. Mimi niliposoma hivyo nilijikuta napiga hesabu ya nyumbani: diya ya kuuawa kwa mwanamume ni ngamia 100. Kwa hiyo angani pale ilipotea diya ya wanaume 50, na hakuna mzee hata mmoja aliyeitwa. Nilimsimulia mwenzangu kazini. Akasema pole, akaniuliza kama ngamia ni mnyama mkali.

Kwa hiyo Alice Springs haikuwezekana, kwa sababu ya ngamia hao na kwa sababu ya hesabu. Hesabu zenyewe ni hizi. Uhamiaji wa Australia ni soko la mnada: unapimwa kwa pointi, umri, elimu, Kiingereza, kazi. Bila 65 husogei. Mimi nilikuwa na 60, kama mwanafunzi aliyekosa alama ya C+ kwa swali moja. Jimbo likikuteua kwa viza ya kudumu linakuongezea 5. Lakini ukikubali viza namba 491, kwamba utakaa "mikoani" kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba ya kudumu, unaongezewa 15! Nikauliza, na mikoani ni wapi? Nikaambiwa ni nchi nzima ukitoa Sydney, Melbourne na Brisbane. Tangu Novemba 2019, hata Perth ni mikoani. Jimbo lililoniteua ndilo hili la Perth.

Adeer, hebu fikiri. Perth ina watu zaidi ya milioni 2. Ina maghorofa ya vioo, treni na mto mpana kuliko Tana. Na serikali inampa mtu pointi 15 ili avumilie kuishi hapa! Nilimkumbuka yule mwalimu kijana kutoka bara aliyepangiwa shule yetu, mama yake alivyolia kituo cha basi Nairobi, na jinsi alivyokuwa akihesabu marupurupu yake ya mazingira magumu kila mwisho wa mwezi. Kumbe nami sasa nalipwa marupurupu. Yangu nayala ufukweni.

Nyumba ilikuwa ngumu kuipata. Unakwenda kuangalia chumba, unakuta foleni ya watu 30 wenye viatu safi, kila mmoja anamtabasamia wakala kama anaposa. Fomu inataka simu ya mwenye nyumba wako wa mwisho. Nikaandika ya Ayeyo, kwani uongo? Nimekaa kwake miaka 26. Wakala akapiga saa 4 asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa 11 alfajiri. Ayeyo, nimeambiwa ulisikiliza Kizungu chake chote kwa subira, kisha ukamwambia, "Nyinyi matapeli wa jela ya Kamiti, mimi sina M-Pesa," ukakata. Chumba hicho kilienda kwa mtu mwingine. Hiki nilichonacho sasa huja kukaguliwa kila baada ya miezi 3, hadi ndani ya oveni. Mkaguzi hutia kichwa humo kama anatafuta silaha.

Kazi yangu ni ya uuguzi katika nyumba ya kulea wazee. Ayeyo, najua unasoma hapa kwa kukunja uso. Wazee wenyewe si wabaya, ni wapweke tu. Wiki yangu ya kwanza joto lilifika digrii 41, nikawa peke yangu niliyechangamka katika jengo zima. Mkuu wa zamu akaniambia, huku akijipepea, "Tuvumilie tu, Daktari anakuja alasiri." Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha Garissa inalea watu. Nikapima presha ya wazee 18, nikapanga faili kwa herufi, nikawavisha nadhifu na kuwaketisha barazani kwa mstari. Saa 9 ikafika, daktari hakuna. Ghafla upepo wa baridi ukavuma kutoka baharini, faili zangu zote zikaruka juu ya ua, na wazee wakashangilia: "Huyoo, Daktari amefika!" Ni upepo, Adeer. Upepo wa mchana unaotoka upande wa bandari ya Fremantle, ndiyo jina lake, Daktari wa Fremantle. Nilikuwa juu ya ukuta nikifukuzana na kipimo cha sukari cha mtu.

Lakini ni mmoja wa wazee hao aliyenifanya nijue kwamba nimefika nyumbani. Ni bibi wa miaka 90 na zaidi, mkali, hapendi chai ya maziwa mengi. Siku moja runinga ilikuwa ikionyesha bunge la Canberra, akaizima kwa kidole. "Hao wa mashariki," akasema, "hawajui kama tupo." Watu wa hapa wote husema hivyo. Mtu akipanda ndege kwenda Sydney anasema anaenda mashariki, kama sisi tukivuka daraja la Tana na kusema tunaenda Kenya. Mji mkubwa wa karibu, Adelaide, uko zaidi ya kilomita 2,000, na njiani kuna kipande cha barabara kisicho na kona hata moja kwa kilomita 146. Nusu ya wanaume wa mtaa wangu hawaonekani: wako migodini Pilbara, wiki 2 huko, wiki 1 nyumbani, wanarudi na vumbi jekundu na pesa. Wake zao wananieleza habari hiyo kama ni kitu kigeni. Mimi nasema nafahamu, kwetu inaitwa kwenda fora, ila sisi huchunga kinachotembea.

Bibi akaendelea. Babake, aliniambia, alipiga kura 1933 jimbo hili lijitoe Australia. Nilidhani ni uzee unasema. Nikaenda kusoma, na ni kweli: theluthi 2 ya wapiga kura walisema ndiyo. Wakabeba ombi lao hadi London, na mwaka 1935 bunge la Waingereza likasema haliwezi kulipokea. Yakaishia hapo.

Nikarudi kesho yake, nikavuta kiti. Nikamwambia kwetu nako Waingereza walileta tume, 1962, ikazunguka NFD nzima, eneo letu la mpakani kaskazini, ikiuliza watu wanataka nini. Watu wengi walisema wazi kwamba wanataka kujitenga. Yeye akaacha kijiko.

"Halafu?"

"Halafu wakafanya kinyume."

Akanitazama kwa muda, akanisogezea sahani ya biskuti, yote. Wauguzi wenzangu wanasema hajawahi kumgawia mtu.

Kwa hiyo, Adeer, usinitafutie uhamisho. Msikiti wa mjini ulijengwa na hao hao wenye ngamia, jiwe la msingi liliwekwa 1905, na Ijumaa nasimama safu moja na watu wa kila rangi tukielekea upande wa bahari, maana kibla cha huku kiko kaskazini-magharibi. Ni upande wenu pia. Jua linapozama majini hapa, kwenu ndiyo mnatoka kuswali adhuhuri, na bahari ni moja, hii hii inayopiga pwani ya Kiunga.

Wako,
Mtoto wa kaka yako

N.B. Ile bei uliyoniuliza faraghani: chupa ya lita 1 ya maziwa ya ngamia dukani huku inapita dola 10, yaani zaidi ya shilingi 800. Usiitaje sokoni. Wale akina mama wa maziwa wakijua, kesho asubuhi wote watakuwa kwenye foleni ya viza, na watanipita kwa pointi.