Maji ya Kutosha

Shemeji yangu aliichukua phulka niliyompikia, akaigonga mara mbili ukingoni mwa meza, akasikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Shemeji, hii ni ya kula au ya kufunikia mtungi?" Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mke wangu hakucheka. Aliinuka, akachukua mkoba, akaenda dukani kununua mkate. Hiyo ilikuwa jana jioni, na masikio bado yananiwaka.

Mjue kwamba sikuwa napika chapati zetu hizi za kusukuma kwa mafuta, zenye tabaka, ambazo kwa kweli zina undugu zaidi na paratha. Nilitaka phulka, ile Wagujarati wanayoiita rotli: nyembamba, kavu, haikaangwi kwa tone la mafuta, halafu ghafla inafura ikawa duara. Haina hamira wala baking powder. Inafuraje?

Mvuke, jamani. Chapati ikigusa tava la moto, upande wa kwanza unakauka haraka na kuwa ngozi. Unaigeuza, upande wa pili nao unashika. Katikati umebaki unyevunyevu usio na pa kutokea. Ukiiweka juu ya moto wenyewe, yale maji yanageuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke hujitanua mara 1,700 hivi. Ngozi mbili zinaachana, mpira huo! Ila pawe na tundu dogo kama la sindano, au upande mmoja umesukumwa ukazidi wembamba, mvuke unatoroka na chapati inalala pale ikikauka. Ndiyo maana donge hupumzishwa nusu saa kabla ya kusukumwa, la sivyo kila ukilitandaza linajirudi. Ndiyo maana pia watu wanasisitiza atta, unga wa ngano nzima uliosagwa kwa mawe: msuguano ule huvunja punje za wanga, kwa hiyo unga hunywa maji mengi zaidi. Mimi dukani niliuziwa pakiti yenye picha ya chapati nzuri mno. Ndani, unga mweupe.

Yangu ilifura pembe moja kama shavu la mwenye jino bovu. Nikaibonyeza taratibu kwa kitambaa, wafanyavyo wajuzi, ili mvuke usambae. Kitambaa kikashika moto. Nilipomaliza kukizima kwenye sinki, phulka ilikuwa imefikia hali ile aliyoigonga shemeji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu mikate mingine. Puri zilikunywa chupa ya mafuta. Paratha ya viazi ilitema viazi. Naan sitaki hata kuizungumzia. Tandoor, tanuri ya kuiokea, hupanda mpaka nyuzi 480, oveni yangu inakata tamaa kwenye 250.

Nilikwenda kwa jirani yetu, bibi wa Kigujarati anayesukuma rotli huku akitazama tamthilia.

"Shikamoo bibi. Maji kiasi gani?"

"Marahaba. Kiasi tu, baba."

"Na moto?"

"Ukiuona utaujua."

Nimeuona. Haukujitambulisha.

Bibi simlaumu, yeye alifundishwa kwa mikono tangu utotoni, hakuna aliyempimia. Nina ugomvi na wanaouza vitabu. Kitabu nilichokinunua kwa hela yangu kimeandika "maji ya kutosha". Ya kutosha nini, kuoga? Fundi akikuletea makadirio ya "saruji ya kutosha" utamtoa mbio, lakini mpishi akiandika vivyo hivyo tunamlipa, na chapati zikiharibika tunaambiwa hatuna mkono wa mapishi. Mtu analipia maelezo, anauziwa kitendawili.

Kwa hiyo wewe unayeandika mapishi, tafadhali andika hivi: atta gramu 200, maji mililita 130 hadi 150, uongeze kidogo kidogo. Ni mstari mmoja tu.