Fadhila za Dereva Anayetanua
Dereva wa Dar es Salaam anayetanua, yaani anayeiacha foleni na kupita pembeni mwa barabara wanakopita waendao kwa miguu, hajapewa bado heshima anayostahili katika taaluma ya usafirishaji. Wahandisi walihitaji miaka mingi na mikopo mikubwa hadi mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake pekee, yakaanza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro. Yeye hubuni njia mpya kila asubuhi bila mkopo, na akiikuta ile ya mwendokasi iko wazi, huikagua pia kwa manufaa ya taifa. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa hukichukulia kama mwanafalsafa anavyoichukulia hoja ya utangulizi, yaani jambo la kuanzia tu. Penye kivuko cha pundamilia, ile mistari myeupe ambapo mtembea kwa miguu huaminishwa kuwa ana haki ya kutangulia, huongeza mwendo, na kwa hisani hiyo ajuza hurejeshewa mbio za ujana, tiba ambayo hospitali hazijaweza kuitoa. Honi yake, iliayo kabla taa ya kijani haijawaka, huwakumbusha walio mbele kwamba maisha ni mafupi, na ni wachache mno wawezao kulithibitisha hilo kwa vitendo kama yeye.