Stima Iko, Mwalimu

Kwetu Matayos, Busia, mgeni husikika kabla hajaonekana. Boda boda humshusha njia panda, mbwa humpokea, watoto wa jirani humsindikiza wakitangaza jina lake na alichobeba, na akifika getini hupiga hodi ya kuamsha mtaa mzima. Katika mazingira hayo ndipo mpwa wangu anayeishi Dallas, Texas, alipogundua kwamba tuna upungufu wa kengele ya mlangoni yenye kamera.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "siku hizi hakuna anayefungua geti bila kujua aliye nje ni nani."

Nilimwambia kwamba mimi humjua aliye nje tangu akiwa njia panda. Hakunisikia. Mzigo ulifika umechanganywa na viatu vya mama yake: kengele yenye jicho la kamera, transfoma, na kengele ya ukutani ya kulia ndani ya nyumba.

Siwezi kusema wazo lenyewe ni baya. Muuguzi mmoja wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, aliliwaza tangu miaka ya 1960, maana alikuwa akibaki peke yake nyumbani saa zisizo za kawaida na polisi wa mtaa wake walikuwa wazito kufika. Yeye na mumewe Albert walipewa hataza mwaka 1969: kamera ya kuchungulia kwenye matundu ya mlango, televisheni ya kumwonyesha mgeni, na kipaza sauti cha kumhoji. Ila yule mama aliolewa na fundi wa vifaa vya elektroniki. Mimi nimeoa mwalimu mwenzangu, kwa hiyo fundi ilibidi atafutwe.

Fundi wa kwanza alitoka Busia mjini, kijana mchangamfu, koleo mfukoni, testa sikioni. Transfoma ya Dallas ilikuwa imeandikwa wazi mgongoni kwamba inataka volti 120, ambazo ndizo za Marekani. Za Kenya ni 240. Kijana aliichomeka bila kusumbuka na maandishi. Ikavuma, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza.

"Mwalimu, hii imekataa hali ya hewa ya huku," akasema.

Nilimpa pesa za transfoma nyingine, ya kushusha 240 hadi 16, pamoja na pesa za waya mzuri wa kutoka sebuleni hadi getini, kama mita 40 hivi. Alichimba mtaro, akalaza waya, akafukia, akapanga na matofali juu. Kazi ilipendeza macho. Akabonyeza kitufe, kengele ikalia ndani, na kwenye simu yangu ukatokea uso wake ukicheka. "Stima iko, Mwalimu!" Akalipwa, akaenda zake.

Mchana kengele ilifanya kazi bila lawama. Muuza omena alipokuja tulimwona vizuri, yaani tuliliona beseni, kwa kuwa kamera imefungwa usawa wa kifua na yeye ni mfupi. Tabu ilianza jua lilipozama, na jioni hiyo mgeni aliyefika alikuwa mama mkwe.

Msomaji asiyetoka Buluhya nimweleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Sasa kengele hii kazi yake ni kukodoa macho. Mzee wa watu alibonyeza kitufe, nami nikaitazama simu kabla sijajua ni nani. Pakatokea kitambaa cha kichwa, paji la uso, nyusi mbili, kisha giza totoro. Kamera ikazima. Mama Nekesa, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Hata kifaa cha Wamarekani kina adabu," akasema, akaenda kumfungulia mama yake.

Tangu hapo ukawa ndio mtindo. Asubuhi nzima, kengele macho. Magharibi ikiingia, huyo amelala. Usiku ikaongeza vituko: kengele ya ukutani ikaanza kunguruma taratibu, mmm, mmm, bila kubonyezwa na mtu. Mama yangu mzazi, ambaye chumba chake kimepakana na ukuta huo, alitangaza alfajiri kwamba nyuki wamehamia nyumbani, na nyuki wakihamia kwako hawafukuzwi hivi hivi. Kufikia saa tatu uani palikuwa na mzee wa mizinga, kifukizo mkononi, akitega sikio ukutani na kutikisa kichwa kwa heshima. Alisema ni kundi kubwa.

Kisa cha nyuki ni hiki. Kengele ya getini hujipatia umeme kupitia koili ya ile ya ukutani, kidogo kidogo, mchana na usiku, ili kamera isilale. Mkondo huo ukizidi kiasi, koili huanza kutetemeka na kuvuma. Fundi aliitwa, akafunga kiwaya kifupi cha kuiruka koili. Nyuki wakahama. Lakini na mlio wa ndani ukahama pia, na sasa kengele ikawa inalia kwenye simu peke yake.

Hapo ndipo tulipopata bawabu wa ng'ambo. Siku moja nilikuwa Busia sokoni, karibu na mpaka, na simu yangu ilikwisha kushika mtandao wa ng'ambo na kunikaribisha Uganda ilhali miguu yangu bado iko Kenya. Mtu akibonyeza kengele Matayos, mimi sina habari. Aliyekuwa na habari ni mpwa wangu, maana na yeye ana ile programu. Alimwamkia mgeni kwa kipaza sauti, akamwambia asubiri, akampigia shangazi yake simu kutoka Dallas: "Shangazi, kuna mtu getini, ameleta mbolea." Shangazi alikuwa jikoni, hatua chache kutoka getini, na alikuwa amemsikia mwenye mbolea tangu alipoanza kubishana na mbwa.

Tatizo la usiku likabaki. Jamaa mmoja akatuletea fundi wa Malaba, bingwa wa redio na taa za trela zinazopanga foleni ya kuvuka mpaka. Alikuja kwa boda boda, akisimulia njia nzima kwamba biashara hiyo ilianzia huku huku kwetu mpakani kwa baiskeli, jambo la kweli ambalo halikuhusiana na kengele. Alisoma karatasi ya maelezo, akakuta imeandikwa volti 16 hadi 24, uso ukang'aa. "Mwalimu, trela zote ni 24!" Akaunganisha betri mbili za lori, nzito kama dhambi, akazipanga kando ya geti. Kengele haikushtuka. Karatasi hiyo hiyo, mstari uliofuata, ilisema inataka umeme wa AC, na betri hutoa DC. Aliziinua betri zake bila neno, akaomba maji ya kunywa.

Kila aliyekuja alipima kwenye transfoma, mchana, waya za kengele zikiwa zimefunguliwa. Kila aliyepima alipata volti 17 na kutamka yale yale: stima iko. Wengine wakasingizia mashine ya kusaga posho iliyo jirani, nayo kwa kweli ikiwashwa taa zetu hufifia. Lakini ile mashine hufungwa jioni, saa ambazo kengele ndipo inapokufa. Niliwaambia hivyo, wakaniuliza kama nimesomea umeme.

Aliyetegua kitendawili hakuwa fundi. Shemeji alikuwa akipanda mihogo kando ya njia, jembe likapita ndani ya mtaro na kukata waya. Nilichungulia. Ule "waya mzuri" nilioulipia ulikuwa waya wa simu, mwembamba wa kushonea kifungo cha shati.

Mchana kamera hula umeme kidogo, na waya huo ulimudu. Giza likiingia kamera huwasha taa zake za infraredi, ambazo jicho la binadamu halizioni, na njaa yake huongezeka. Waya mwembamba wa mita 40, kwenda na kurudi 80, hupoteza volti njiani, na mkondo ukipanda hasara nayo hupanda. Ukipima kengele ikiwa haijaunganishwa, hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na mita hukupa volti zote 17. Tuliunga kipande kilichokatwa, tukapima getini usiku taa za kamera zikiwaka. Mita ilisoma 11, ikashuka, kamera ikazima mbele yetu.

Kijana wa koleo alipoitwa alitazama mtaro, akatazama angani. "Mwalimu, waya ni waya." Alirudishwa dukani, safari hii na Mama Nekesa kando yake, wakaja na waya mnene, twini ya 1.5. Kengele haijalala tena, isipokuwa stima yenyewe ikipotea, na hilo halina fundi.

Kwa hiyo ukija Matayos ukakuta hatupo, bonyeza kitufe, utaongea na Dallas. Ila usibonyeze asubuhi: saa nne yetu kule ni saa saba au nane za usiku, na mpwa wangu akiamshwa huwa mkali.